Fungueni milango ya ateliye: promosio zisome pamoja



Mu masomo ya arkitektira hapa kwetu, kila promosio iko na chumba yake, saa yake na mwalimu wake. L1 haijui L3 inachora nini. L3 haijui watu wa Master wanatetea nini. Siku ya juri mlango unafungwa, wakubwa wanatoka na maketi zao, wadogo wanabaki wanachungulia ku dirisha. Miaka tano inapita hivyo. Kosa lenye mkubwa alilipa kwa usiku tatu bila kulala, mdogo wake analilipa tena mwaka unaofuata, mu chumba cha pembeni, bila hata mtu kumwambia.

Sisi tunasema kitu kimoja: promosio zisome pamoja mu ateliye, hata kama ni siku moja tu kwa juma.

Najua kuna wenye watauliza: mu inchi hii yenye matatizo yote haya, munakuja kutuongelesha juu ya chumba cha kuchora? Ndiyo. Sababu yake iko mbele ya macho yetu. Bukavu imekaa juu ya milima, mvua ikinyesha usiku, asubuhi watu wanaulizana ni ukuta wa nani umeanguka. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la nguvu ya 5.9 lilipasua nyumba mu mji na ng'ambo ya Ruzizi. Goma, tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka mu ziwa. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama karibu na mji. Mu mwezi wa Mei 2023, ku Kalehe, maji na mawe vilifunika Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Mu miji hii nyumba nyingi hazikuchorwa na arkitekte hata mumoja. Zilijengwa na fundi, na mwenye nyumba, na mjomba aliyeazima nyundo. Wachache wenye tunaingia chuo kikuu kwa kusomea kazi hii, tunatakiwa kutoka na akili yote yenye iko mle ndani, na si kipande kidogo chenye kilibahatika kupita mu promosio yetu.

Kwa wenye hawajasoma arkitektira, nielezee. Masomo mengine yanasomwa mu oditwari: mwalimu anaongea, munaandika, munanunua silabusi, munafanya mtihani. Ateliye ni kitu kingine. Wanakupatia kiwanja na swali: chora hapa shule, soko, nyumba ya familia ya watu nane. Unachora, unakata maketi, unaonyesha, wanakupinga, unaanza tena. Hakuna jibu lililoandikwa mu silabusi. Unajifunza kwa kuangalia mkono wa mwenye anajua kukushinda kidogo. Kile "kidogo" njo siri ya mambo yote. Profesa anajua sana, lakini alishasahau namna gani ilikuwa ngumu kuelewa ngazi kwa mara ya kwanza. Mwenye aliielewa mwaka jana bado anakumbuka ni wapi kichwa kilikuwa kinauma.

Wazo hili si la kwetu, na si jipya. Paris, ku École des Beaux-Arts, masomo yalitembea hivyo mu karne ya 19 yote na zaidi. Pale hakukuwa promosio kama tunavyozijua. Mwanafunzi alikusanya pointi mu mashindano, akapanda kutoka daraja la pili kwenda la kwanza kwa mwendo wake mwenyewe. Kuchora kulifanyika mu ateliye, chini ya mwalimu mumoja waliyemuita "patron", na mule ndani wapya na wakongwe walikaa pamoja. Patron alipita mara chache kwa juma. Siku zingine zote walifundishana wao kwa wao. Mwanafunzi mumoja, "massier", alichunga feza na utaratibu wa ateliye. Neno "charrette" lenye tunatumia kila siku tukiwa karibu na kurudisha kazi linatoka pale pale: ni kile kigari cha kusukuma chenye kilikusanya michoro siku ya mwisho. Mu ateliye hizo alipita hata Julia Morgan, mwanamke wa kwanza kukubaliwa mu upande wa arkitektira, mwaka 1898.

Lakini tuseme yote, tusiseme nusu. Mule mule, mdogo aliyemaliza mchoro wa mkubwa waliitwa "nègre". Ndiyo, lile neno munalolijua. Kwa Kifaransa cha wakati ule lilimaanisha mtu anayetumika kazi na jina lake halionekani. Sisi Wacongo hatuna haja ya profesa kutueleza neno hilo linatoka wapi. Linatufundisha jambo moja muhimu: kuchanganya wakubwa na wadogo bila sheria kunaweza kuzaa shule nzuri, na kunaweza kuzaa utumwa mudogo wenye tabasamu. Nitarudia pale chini, sababu njo pale mambo yanaweza kuharibika.

London, ku Architectural Association, tangu wakati Alvin Boyarsky aliongoza, kutoka 1971 mpaka kifo chake 1990, shule iligawanywa mu vikundi vidogo vinavyoitwa "unit". Kila kikundi kiko na mwalimu wake na swali lake la mwaka. Wanafunzi wa mwaka wa 2 na wa 3 wanakaa pamoja. Wa 4 na wa 5 pamoja. Mwanzo wa mwaka waalimu wanasimama mbele ya wanafunzi, wanaeleza watatumika juu ya nini, na mwanafunzi anachagua. Muangalie vizuri: mwaka wa kwanza waliuacha peke yake. Hawakumtupa mtu asiyejua kushika rula mu kikundi cha watu wanaochora hospitali. Na mimi naona waliona vizuri.

Kama Paris na London ni mbali, twende Monrovia. Jean Lave, mwanamke wa Marekani anayesomea maisha ya watu, alikaa na washonaji wa Kivai na Kigola mu Liberia. Yeye na Etienne Wenger waliandika juu yao mu kitabu cha 1991. Mule mu nyumba ya kushona hakuna mtu anayesimama mbele na kufundisha. Mtoto anayeingia anaanzia mwisho: kunyoosha kwa pasi, kuweka vifungo, kupinda upindo wa chini. Kisha anashona. Kukata kitambaa kunakuja mwisho kabisa, juu ukikata vibaya, feza imepotea. Kwa kuanzia mwisho anaona nguo nzima kila siku mbele hajapewa mkasi. Akifika ku kukata, tayari anajua kila kipande kinaenda wapi. Hiyo si teoria ya Wazungu. Ni namna shangazi yako alijifunza kushona, na namna fundi wa gari ku kona alijifunza mota.

Sasa linganisha na sisi. Mwanafunzi wetu wa L1 anachora mistari, vivuli, herufi. Mwaka mzima hajaona plani kamili ya nyumba inayotoka mikononi mwa mtu anayemjua. Anapewa vifungo, nguo hajaiona.

Mimi na wenzangu tulijaribu, bila ruhusa ya mtu na bila kibali. Tulipokuwa tunamaliza masomo, waalimu walikuwa wanagoma, vyumba viko wazi, hakuna mtu wa kuvifunga. Tulikaa watu wa miaka tofauti mu chumba kimoja, juu ya kiwanja kimoja: mteremko wa kweli, mu kartie yenye kila mtu aliijua, wenye nyumba wamekaa mule. Kila kikundi kilikuwa na mtu wa chini, wa katikati na wa juu. Ilidumu karibu mwezi na nusu.

Nawaambia vitu viwili vyenye niliona.

Cha kwanza: mkubwa alichora ukuta wa kuzuia udongo, na fondasio yake, na ferabeto zake, na beto yake, vyote sawa ku karatasi. Dada wa L1 akaangalia, akauliza: maji yatapita wapi? Baba yake ni masoni. Tangu utoto alimuona anaacha matundu mu ukuta na kuweka mawe madogo nyuma, ili maji yasisukume ukuta mpaka uanguke. Ule mkubwa alikuwa amesoma mu silabusi uzito wa udongo wenye kujaa maji, na hesabu alizijua. Lakini yule dada alikuwa na picha ya ukuta wenyewe mu kichwa. Mu dakika kumi mumoja alijifunza tundu, mwingine akajifunza hesabu ya tundu. Mkiwa mumefungiwa kila mtu mu chumba chake, mazungumzo hayo hayafanyiki hata siku moja.

Cha pili: mwenye alijifunza zaidi alikuwa mwenye anafundisha. Unapoeleza mdogo "kupe", ule mchoro unaoonyesha nyumba kama umeipasua kwa kisu, unagundua wewe mwenyewe haukuelewa vizuri ngazi yako inaingia wapi. Kueleza ni mtihani. Hakuna kukopia, hakuna kuhonga, hakuna kununua pointi. Mdogo akikuangalia na macho hayajaelewa, umekosa, unaanza tena.

Kisha mgomo ukaisha, tukatawanywa, kila promosio ikarudi mu chumba yake. Mmoja wa wakuu wa shule akatuambia orere haiko na nafasi ya "mchanganyiko". Jibu likakuwa ni orere.

Tuangalie basi wanaotupinga wanasema nini, sababu si wote ni wabaya na maneno mengine ni ya kweli.

Wanasema: wadogo watakopia tu wakubwa. Ndiyo, watakopia. Kila mtu anaanza kwa kukopia, hata mtoto anayejifunza kuongea. Hatari ni kukopia mtu mumoja tu. Leo mwanafunzi wa L2 anakopia picha ya intaneti, nyumba ya vioo yenye iliwaza jua la Dubai, kisha anaileta juu ya mteremko wa Kadutu. Afadhali akopie mkubwa wake mwenye anaweza kumuuliza "kwa nini uliweka dirisha hapa?" Picha ya simu haijibu.

Wanasema: wakubwa watapoteza wakati, wako na memwari ya kumaliza. Kama kufundisha hakuhesabiwi mu pointi, ni kweli, ni kupoteza wakati, na hakuna mtu atakuja mara ya pili. Kwa hiyo kuhesabiwe. LMD imeletwa mu vyuo vyetu vyote tangu mwaka wa masomo 2021-2022, na inahesabu kazi ya mwanafunzi kwa kredi, si kwa saa za kukaa mbele ya profesa tu. Mlango huo uko wazi. Kumuongoza mdogo mu proje ni kazi. Ipewe kredi yake.

Wanasema: mutaanza kuwatesa wapya. Hii sitaicheka. Tunajua mambo ya "bleu" mu vyuo vyetu, wapya kupigishwa magoti, kununuliwa bia kwa nguvu, dada kuambiwa maneno ya haya. Na nimewaelezea wale "nègre" wa Paris. Lakini angalieni: mateso hayo yanafanyika sasa, wakati promosio zimetengana. Yanafanyika juu mkubwa na mdogo hawana kitu kingine cha kufanya pamoja. Tukiwapatia kazi moja, na sheria, hofu inapungua. Sheria ndizo zinakosekana.

Na kuna neno la nne, halisemwi kwa sauti, lakini mimi naliogopa kuliko yote: "Vizuri sana, basi wanafunzi wafundishane, waalimu tuwapunguze." Hapana. Hapo tutakuwa wa kwanza kupinga. Mkubwa anayemsaidia mdogo hachukui nafasi ya asistenti, na asistenti hachukui nafasi ya profesa. Mu ile mwezi na nusu yetu kuna maswali yalibaki mezani bila jibu, sababu hakuna mtu kati yetu aliyeweza kusema kama nguzo itabeba. Wanafunzi wanaweza kufundishana mengi, lakini hawawezi kufundishana kitu chenye hakuna mmoja wao anakijua. Leta ilipe waalimu, na waalimu waje. Ateliye ya pamoja inahitaji mwalimu zaidi, si kidogo: mtu mwenye anapita meza kwa meza na kukata mzizi wa kosa mbele haujaenea mu promosio tatu.

Kuna na jambo la kazi, lenye linanigusa mimi mwenyewe. Nilimaliza, niko na diploma, niko nyumbani. Kila pahali ninapopeleka barua wananiuliza uzoefu wa miaka tatu. Sitawadanganya kwamba ateliye ya pamoja itazaa kazi. Kazi inazaliwa na feza na viwanja, na serkali yenye inajenga. Lakini fikirini ofisi ya arkitekte iko namna gani, au shantiye. Kuna mkubwa wa miaka hamsini, kuna mchoraji wa miaka thelathini, kuna stajieri, kuna masoni, kuna kijana anayebeba mchanga. Hakuna shantiye duniani yenye watu wote ni wa promosio moja. Sisi tumefundishwa miaka tano kutumika na watu wanaojua sawasawa na sisi, kisha siku ya kwanza ya staji tunashangaa hatujui kuuliza wala kuamuru wala kutii bila kukasirika. Kumuongoza mdogo mu proje, kueleza, kugawa kazi, kukubali kupingwa: huo nao ni uzoefu. Chuo kingeweza kuuandika ku karatasi na kuweka muhuri.

Kama munataka mfano wa Mwafrika, munamjua. Diébédo Francis Kéré, mtoto wa Gando mu Burkina Faso, alijenga shule ya msingi ya kijiji chake, ikamalizika 2001, wakati yeye bado ni mwanafunzi mu Berlin. Alijenga na wanakijiji wenyewe, kwa matofali ya udongo uliochanganywa na simenti kidogo, na mabati yaliyoinuliwa juu ili hewa ya moto itoke. Watu waliojifunza pale walibaki na ufundi mikononi. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hakungoja amalize ndipo afundishe, na hakuona haya kujifunza kwa fundi asiye na diploma.

Basi tunaomba nini? Vitu sita, na hakuna hata kimoja chenye kinahitaji jengo jipya.

Moja: nusu siku kwa juma, ateliye zote za shule ziwe wazi, promosio zichanganyike juu ya kiwanja kimoja cha mji wetu, chenye watu wanakaa, si kiwanja cha kufikirika.

Mbili: L1 wapewe kwanza muhula mumoja wao peke yao, wajifunze mkono na eshel. Waingie mu mchanganyiko ku muhula wa pili.

Tatu: kila mutu apewe pointi za kazi yake mwenyewe, na jina lake liandikwe ku kila mchoro alioshika. Hakuna mtu anachora bila jina. Hakuna mdogo anatumwa maji wala bia wala mega.

Nne: mkubwa apewe kredi ya kufundisha, na wadogo waulizwe kama kweli aliwafundisha. Asiyefundisha asipewe.

Tano: juri ziwe wazi. Yeyote mu shule aingie, akae nyuma, asikilize. Kuangalia mwenzako anavyopingwa na kujitetea ni somo lenye halilipishwi minervali.

Sita: fundi na masoni waalikwe mezani kama waalimu, si kama wageni wa kupigwa picha. Na sisi tuliomaliza na tuko bila kazi, tukija, tulipwe hata kidogo. Hatutaki kugeuka "nègre" wa chuo chetu wenyewe.

Kwa wanafunzi wenye wanasoma hii: musingoje barua ya rektere. Mulango wa chumba cha pembeni haujafungwa na sheria yoyote. Umefungwa na mazoea. Siku ya Posho, baada ya saa sita, vyumba vingi viko bure. Mtu wa Master apige hodi ku L2, achukue meza mbili, atandaze plani ya kartie moja, na aulize wadogo: maji ya mvua yanapita wapi hapa? Mwenye anakaa kule ataanza kuongea. Andikeni majina ya waliokuja, wekeni michoro ku ukuta, na mukifukuzwa, pigeni picha ya kazi yenye mulikuwa munafanya na mutume. Tutaiweka hapa, na tutaandikia wakuu wa shule waeleze kwa maandishi ni kwa nini watu wa promosio mbili hawawezi kukaa meza moja.

Na wazazi wenye munalipa: siku mukienda kuuliza matokeo, ulizeni na hii. Mtoto wangu amejifunza kwa nani, zaidi ya ku silabusi? Mvua ya Septemba iko karibu, na kuta zenye hazina matundu hazitangoja deliberasio.